Mwoka mikate, mlinzi wa usiku na safari ya meli waliyoiogopa

Kinyunya kimeshalainika, lakini Mama Hamira hakiachi. Anakikunja, anakigandamiza kwa viganja, anakigeuza, kisha anaanza upya. Msimamizi wa zamu anapita nyuma yake, anasimama.

"Mama, huo mkate umekukosea nini?"

Anashtuka. Anacheka kidogo, cheko la mtu aliyefumaniwa, kisha anakikata kinyunya vipande na kuvipanga kwenye sinia. Nje bado giza. Ndani ya kiwanda hiki kidogo cha mikate tanuri limeshashika moto, na wanawake wanne wenye vilemba vyeupe wanafanya kazi bila kutazamana.

Jina la Mama Hamira alipewa hapa hapa, kwa sababu hakuna mwingine anayeaminiwa kupima hamira. "Wageni hudhani nina binti anaitwa Hamira," anasema huku akijifuta unga kwenye kidevu. "Binti ninaye, lakini huyo jina lake analijua baba yake. Nadhani."

Wenzake wanaangua kicheko. Yeye hacheki sana. Kesho kutwa atapanda meli kubwa ya kitalii pamoja na mume wake, kuadhimisha miaka thelathini ya ndoa, na tangu apate habari hiyo usingizi umemkimbia.

Si bahari anayoiogopa. Ukimuuliza kuhusu mawimbi atakujibu kwamba meli imejengwa na watu wenye akili zao, itajijua yenyewe. Anachokiogopa ni kingine, na alikisema kwa sauti ya chini, akiwa amegeukia tanuri.

"Tutaongea nini?"

Swali hilo linahitaji maelezo. Mume wake ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la magodoro upande wa pili wa mji. Alianza kazi hiyo mtoto wao wa kwanza akiwa anatambaa. Mama Hamira huondoka nyumbani alfajiri, mume akiwa bado lindoni. Mume hurudi asubuhi na kulala. Mke akirudi jioni, mume yuko bafuni, anavaa sare, anawahi basi. Usiku mmoja kwa wiki mlinzi hupumzika, lakini usiku huo yeye yuko macho na mke amelala kama gogo.

"Tunaachiana ujumbe kwenye simu," anasema. "Gesi imekwisha. Chakula kipo kwenye hotpoti. Fundi wa bomba amekuja. Ndiyo mazungumzo yetu hayo."

Watoto wao watatu walilelewa kwa kunong'ona, ili baba asiamke. Kitindamimba, ambaye sasa ni msusi kwenye saluni ya meli hiyo, aliniambia kwa simu kwamba utotoni alimjua baba yake zaidi kwa mkoromo kuliko kwa sauti. Yeye ndiye aliyewapatia nafasi. Kampuni yake humruhusu mfanyakazi aliyetimiza muda fulani kuwaalika wazazi wake kwa nauli ndogo. Kwa mshahara wao, wanasema, nauli kamili wangeishia kuiona kwenye tangazo.

Kule kiwandani, Mama Hamira amekuwa akiwauliza wenzake: ninyi mnaongea nini na waume zenu?

"Sisi tunagombana, mama," alijibu mmoja, kijana aliyeolewa mwaka jana.

"Bahati yenu. Sisi hata kugombana hatujapata nafasi."

*

Siku ya safari niliwakuta kwenye ukumbi wa abiria bandarini, wamekaa benchi moja, begi likiwa katikati yao. Mume ni mtu mrefu, mkimya, mwenye macho mekundu ya watu wa zamu ya usiku. Alikuwa amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijanyooka. Mke alikuwa akifungua mkoba, akitazama pasi za kusafiria, anafunga, anafungua tena.

Nyuma ya vioo meli ilisimama kama jengo la ghorofa lililopotea njia. Hakuna aliyeitazama.

Foleni ilisogea. Mizigo ikapita kwenye mashine. Wakapigwa picha za vitambulisho vya chumba. Kisha wakafika kwenye meza ya afya, ambako muuguzi aliyevaa koti jeupe aliuliza kama kuna mwenye ugonjwa wa kudumu.

"Hakuna," mume alijibu haraka. "Sisi wazima kabisa."

Mama Hamira aliufunga mkoba wake. "Mimi nina presha," alisema.

Mume alimgeukia taratibu. "Presha gani?"

"Presha, baba watoto. Presha ya damu."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

"Na dawa?"

"Nameza jioni. Ukishatoka."

Mlinzi huyo, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna kinachopita bila yeye kukiona, aliliteremsha begi sakafuni. Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walijifanya wanatazama tiketi zao.

"Ningekuambia saa ngapi?" mke aliuliza. Hakuwa mkali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

Muuguzi alimfunga kipimo mkononi. Akakitazama, akakunja uso, akapima tena. Kisha akavua miwani.

"Mama, kwa hali hii siwezi kukuruhusu upande. Kaa pale pembeni upumzike, nitapima tena baadaye. Ikishuka, sawa. Isiposhuka, mtanisamehe."

Walikaa pembeni. Kipaza sauti kikatangaza kwamba abiria waliobaki wakamilishe taratibu, lango linakaribia kufungwa. Simu ya Mama Hamira ikaita. Alikuwa binti yake, kutoka ndani ya meli. "Mama, mko wapi? Mbona siwaoni?" Mama aliiteremsha simu mapajani. Aliishikilia hapo hadi ikakata yenyewe.

"Tulia," alisema mume.

"Ukiniambia tulia ndiyo inapanda."

 Jasho jembamba lilimtiririka mama huyu kwenye shingo. Mume aliangalia viatu vyake, akaangalia dari, akaangalia lango. Ilikuwa wazi kwamba anatafuta neno, na kwamba hajui linahifadhiwa wapi.

"Pale kazini palikuwa na paka," hatimaye alisema.

Mke alimtazama. "Paka?"

"Paka jike. Mnene." Akakohoa. Akaendelea, mwanzoni kwa kusitasita kama mtu anayetoa taarifa kwa bosi. Usiku mmoja alisikia hatua kwenye ghorofa ya juu ya ghala. Akajua leo ndiyo leo, majambazi wamekuja. Akapuliza filimbi, akapiga simu polisi, akajibanza nyuma ya pipa la taka na rungu lake mkononi. Polisi wakaja na gari, taa zinawaka, mbwa anabweka. Wakapanda juu. Wakashuka na paka na watoto wake watano, waliozaliwa kwenye godoro la mteja mkubwa kuliko wote.

"Ukafanyaje?"

"Nikawaficha kwenye kibanda changu. Godoro nikaligeuza upande wa pili."

"Mungu wangu! Na mteja?"

"Alilipokea. Hakusema kitu." Akanyoosha mkunjo wa shati. "Lakini tangu siku ile, polisi wa doria wakipita hawanisalimii. Wanafungua dirisha la gari, wanasema: nyau."

Mama Hamira alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka hadi akainamia begi, machozi yakimtoka, mabega yakitikisika. "Nyau! Mtu mzima na sare yake! Hii ilitokea lini?"

"Zamani. Mkubwa alikuwa shule ya msingi."

"Na hukuniambia!"

"Wewe ulikuwa kazini."

Muuguzi alirudi na kipimo chake. Alisubiri kicheko kiishe, akapima. Akatazama, akamgeukia mume. "Mzee, umempa dawa gani?"

"Paka," alijibu mke.

Presha ilikuwa imeshuka. Si sana, lakini ilitosha. Muuguzi aliandika, akagonga muhuri, akawaelekeza langoni. Walikuwa watu wa mwisho kupanda ngazi. Mama Hamira hakumshika mume wake mkono, hawakuwa na mazoea hayo. Alishika mkono wa shati lake, mahali penye mkunjo wa dukani, akaushikilia mpaka wakamezwa na mlango wa meli.

*

Nilipowatembelea nyumbani baada ya safari, mume alikuwa macho mchana, jambo ambalo majirani walikuwa bado wanalizungumzia. Sebule yao ni ndogo, ina makochi mawili, na pazia zito wanalolitumia kuzuia mwanga ili mlinzi apate kulala.

Sikusimuliwa safari ya raha tupu. Chakula cha mchana cha siku ya kwanza walikula macho yakiwa kwenye sahani, kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Paka alikuwa ameshaisha. Mke alisifu supu. Mume akakubali kwamba supu ni nzuri. 

Usiku mume hakuweza kulala, mwili wake haujui usingizi wa usiku. Akatoka kutembea, na mikono ikafuata mazoea: akawa anajaribu vitasa vya milango ya watu kama vimefungwa vizuri. Abiria mmoja akalalamika. Walinzi wa meli wakamshika.

"Walinipigia simu kwamba baba yangu anajaribu kuingia vyumba vya watu," binti yao alinisimulia. "Nilitamani sakafu ipasuke."

Alipoeleza kazi yake, walinzi wale walimkalisha, wakamletea kahawa, wakaongea mambo ya lindo hadi kulipopambazuka. Mke naye aliamka saa yake ya kila siku, hana cha kukanda. Akakuta kitanda upande wa pili kitupu.  Alimtafuta sitaha hadi sitaha, akiwa na kanga juu ya gauni la kulalia, akimfikiria majini. Alipomkuta na kikombe mkononi akicheka na watu asiowajua, alilipuka.

"Ndipo tulipogombana," anasema Mama Hamira. Anasema kwa fahari kidogo.

Hawakugombana kuhusu kahawa. Walianzia hapo, wakafika kwenye mazishi ya mama mzazi wa Mama Hamira, miaka mingi nyuma. Mume alikuja makaburini na sare, akaondoka kabla kaburi halijajazwa udongo, awahi zamu. Kwa miaka yote hiyo mke hakuwahi kulitaja.

"Sikujua kama uliniona naondoka," mume alimwambia, pale sitahani.

"Nilikuwa nakutafuta wewe tu."

Mume alinieleza sehemu hii mwenyewe, akiangalia zulia. Alisema siku ile makaburini alilia kwenye basi njia nzima, akashuka kituo kimoja kabla ya chake ili abiria wasimwone. Hakuwahi kumwambia mtu. Mama yule ndiye aliyemkubali alipokuja kuposa hana kitu.

Walikaa pale hadi jua likawachoma. Chakula cha asubuhi kiliwapita.

Siku zilizofuata, anasema mke, hazikuwa nyepesi kama picha walizopigwa. Kulikuwa na ukimya mwingine, na ugomvi mwingine mdogo kuhusu kipoza hewa. Lakini aliacha kujiuliza wataongea nini.

Waliporudi, mume aliomba zamu ya mchana. Jibu bado halijatoka, na msimamizi wake amemdokeza asitegemee sana. Kwa hiyo Mama Hamira amekata shauri mwenyewe. Kuanzia mwezi ujao anaacha tanuri na kuhamia kaunta ya duka la kiwanda, linalofunguliwa jua likishapanda, saa ambayo mume ameshafika nyumbani. Malipo ni madogo kuliko ya mwokaji, naye ameshampa kijana atakayepima hamira baada yake maelekezo mara nyingi hadi kijana amechoka.

Nilimuuliza kama ana wasiwasi.

"Ninao," alijibu. "Huenda tukachokana. Huenda akaona mimi ni msemaji sana. Na hizo fedha zilizopungua tutazisikia."

Mume, kwenye kochi la pili, alisema hajachoka bado. Mke akamwambia anyamaze, anahojiwa yeye.

Kisha akaniambia anachokingoja. Miaka yote, alisema, mume wake akitoka kazini anajifungulia kwa ufunguo, anaingia kwenye nyumba iliyo kimya, anakula peke yake amesimama. "Asubuhi ya kwanza ya mwezi ujao ufunguo nitamnyang'anya," alisema. "Nataka agonge. Nataka nimwulize nani, ajibu, halafu nimfungulie."