Samaki Aliyefunga Mdomo

Samaki wangu hawakuwa wa mapambo. Watu wakisikia samaki aina ya betta wanafikiria wale wenye mikia kama mtandio wa bibi harusi, nami nimechoka kuwaeleza. Wangu walikuwa wa porini, rangi ya udongo, na mtu asiyejua angewadhania majani yaliyooza. Niliachiwa na injinia mgeni aliyekuwa akijenga barabara kule Muyinga, mtu wa Asia, baada ya kumtengenezea masanduku ya kusafirishia mizigo yake. Kiswahili hakujua, na Kifaransa chake kilikuwa kibovu kuliko changu. Alinionyesha kwa mikono: tia majani makavu mpaka maji yawe rangi ya chai, funika juu kwa sababu wanaruka, usiwaguse. Basi. Dume mmoja, jike mmoja, na tangi la kioo.

Nikawaweka sebuleni kwetu Nyamugari, hapa Gitega. Mke wangu hakuwapenda tangu siku ya kwanza. Walikuwa wakipanda juu kuvuta hewa, wanarudi chini, wanatutazama. Alisema samaki anayepumua kama mtu ana jambo lake. Nikamwambia aache maneno.

Binti yetu alipozaliwa, mama yangu akaja kutoka Muyinga kumsaidia mzazi. Wiki ya sita mtoto akaanza kukataa ziwa. Anashika, analia, anaachia. Mama akamfungua mdomo, akamulika kwa tochi ya simu, akasema, "Huyu mutoto iko na kilimi."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni. Kwetu, mtoto asiponyonya au akikohoa sana, wapo wazee wanaokikata kwa chuma chembamba kilichopindwa ncha. Mimi nilikatwa nikiwa mdogo, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na sikumbuki kitu. Mdogo wangu alikatwa siku hiyo hiyo, na damu yake haikukatika. Shangazi ndiye aliyeniambia, nikiwa mtu mzima. Mama husema alikufa kwa homa, na nyumbani hakuna anayembishia.

Kwa hiyo nilijua. Hilo naliandika mapema ili msinionee huruma.

Wiki ile ile dume akaacha kula. Nilimtupia wadudu, hakugeuka hata kuwanusa. Koo lake likaanza kuvimba. Akajibanza kwenye kona nyuma ya jani, uso ametuelekezea sisi, kutwa nzima. Mtoto alikuwa akikonda huku, samaki akivimba kule. Mke wangu alikuwa akijikamua na kumnywesha mtoto kwa kijiko, nusu inamwagika shingoni. Alitaka kwenda kituo cha afya. Mama akasema huko watampa maji ya sukari tu. Halafu akapita mbele ya tangi, akainama, akatazama sana.

"Bon," akasema. "Na huyu naye iko na kilimi. Ugonjwa iko ndani ya nyumba."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Siku ya kumi tangu dume aache kula, baada ya chakula cha mchana, nilisogeza uso karibu na kioo. Dume akaachama kidogo tu, na mle ndani ya mdomo wake kulikuwa na jicho. Si lake. Lilikuwa jeusi, dogo kama punje ya ulezi, na lilikuwa linanitazama. Nikasogea kushoto, likanifuata. Kisha mdomo ukafungwa taratibu. Nilisoma Ayatul Kursi mara tatu. Sikumwambia mtu. Niliogopa, na niliona aibu kwamba naogopa samaki.

Ungedhani mtu aliyeona kitu cha namna hiyo angembeba mtoto wake mbiombio kwa daktari. Mimi kesho yake nilipanda gari la asubuhi kwenda Muyinga kumleta mkataji. Mama aliniambia nenda, nikaenda. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nina karakana yangu ya useremala, watu wazima wananiamkia, na mbele ya mama yangu sikuwa na ubavu wa kusema hapana.

Mkataji alikuwa mzee mpole, mwenye mikono safi kuliko ya watu wengi ninaowajua. Njiani alinunua karanga akanigawia. Vyuma vyake vilikuwa vimeviringishwa kwenye kitambaa cheupe mapajani.

Tulifika saa nane mchana. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Mke wangu alimkumbatia mtoto, na aliyekuwa akimtazama si mzee, ni mimi. Mama akamchukua mtoto mikononi mwake, akamlaza. Mzee akasema kichwa hushikwa na baba, ndiyo desturi yake. Nikapiga magoti, nikakishika. Kilikuwa cha moto, na utosini palikuwa pakidunda chini ya kidole changu. Hapo ndipo nilipotaka kusema hapana. Nikajisikia nikisema:

"Anza na samaki."

Mzee akanikazia macho. "Mi nakata batoto. Sikate samaki."

"Hapana, mwana yangu iko na akili," mama akasema. "Ugonjwa ni ule ule. Anza na ule aliuleta."

Nikainuka, nikamchota dume kwa upawa, nikamlaza kwenye kiganja changu kilicholowa. Hakupapatika hata kidogo. Mzee akamkandamiza taya kwa mpini wa kijiko. Mdomo ukafunguka, na wakatoka watoto. Mmoja, watatu, kisha sikuweza tena kuwahesabu. Watoto kamili wa samaki, wenye mikia na macho, wakitikisika kiganjani kwangu, wote wakitutazama.

Mzee alirudisha kijiko chini polepole. Akainua macho kutoka kiganjani kwangu, akayapeleka kwenye mdomo wa binti yangu, uliokuwa wazi kwa kilio, akautazama kwa mbali kama mtu anayechungulia kisima.

"Mi sifungue tena mdomo ndani ya nyumba hii," akasema. Akaviringisha vyuma vyake, akaondoka bila kunywa hata maji.

Mke wangu alimnyakua mtoto, akatoka kwa mlango ule ule. Hakuniomba ruhusa. Kituo cha afya walimkuta na utando mweupe mdomoni, fangasi tu, wakampa dawa ya matone. Kabla wiki haijaisha alikuwa ananyonya mpaka anapaliwa.

Lakini mchana ule tulibaki mimi na mama. Niliwarudisha wote majini. Wengi wa wale wadogo walizama moja kwa moja, wakatulia juu ya majani. Dume alilala ubavu kwa muda, kisha akanyooka, akaanza kuzunguka akiwakusanya mdomoni, bila kuwameza, kama alivyokuwa amewalea humo siku zote zile. Alichukua waliokuwa wakiogelea. Kisha akashuka chini, akachukua na waliokufa, mmoja mmoja, hakubakiza.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mudogo yako hakukatala ziwa," akasema. "Alikuwa anakohoa tu. Nilimunyonyesha, nikamupeleka kukatwa. Wakati wanafungua mdomo yake, maziwa ilikuwa bado ndani."

Nikarudisha kifuniko cha tangi. Kesho yake mama alirudi Muyinga.

Mke wangu aliporudi jioni ile ile na dawa mkononi, alisimama mlangoni, mtoto amelala begani. Aliongea kwa sauti ya chini ili asimwamshe.

"Niambie kitu kimoja. Kama yule mzee angekataa kuanza na samaki, ungekiachia kichwa cha mtoto?"

Binti yetu anakaribia miaka mitatu sasa. Bado sijamjibu mama yake.