Mchumba Asiyekula

Nichekeni tu, kwa sababu hata mimi nikiikumbuka siku ile hapa mtaani kwetu Hai Mauna uso unaniwaka. Kabla ya kurudi kwetu, mimi na dada yangu Achol tulilelewa Eldoret, kitanda kimoja, blanketi moja, na riwaya za kuazima, zile za mtu mpole ambaye ukimchimba ndani ni shetani (raha yake jamani, unamwogopa na bado unataka kumjua zaidi!), tunasoma kwa zamu huku tukibishana muuaji ni nani, na Achol alikuwa akinishinda kila mara. Siku zile nazitamani mpaka leo.

Sasa, Majok alipokuja na wazee wake kumposa Achol, mimi nilikuwa katikati ya riwaya ya bwana mmoja mtaratibu asiyegusa chakula cha watu, kwa kuwa yeye mwenyewe huwatilia wenzake sumu. Na ni mimi niliyepewa kazi ya kuwaandalia wageni. Majok akakataa nyama, akakataa kisra, ule mkate wetu mwembamba, hata maji, ameinamisha macho tu. Moyo ukanilipuka! Nikaamua kumjaribu kidogo (kidogo tu, naapa), nikamega kisra mbele yake, nikatia mdomoni, nikamwambia, "Ona, haina sumu."

Mara mama akaingia na chai, Majok akaruka, akageuza uso, akakimbilia mlangoni, nami nikamzibia njia nikipiga kelele, "Anatoroka! Achol, huyu ni kama yule wa kitabuni, muuaji!"

Mzee wao akashika fimbo, akasimama. "Twendeni. Hapa tumeshatukanwa." Achol akatokea chumbani, akaona posa yake inatoka nje, akaangua kilio.

Shangazi yetu, aliyekuwa ameketi na wageni, ndiye aliyeokoa. "Malesh, wazee, samahani! Huyu amekulia Kenya, hajui kwetu mchumba hali chakula kwa wakwe, wala haonani uso kwa uso na mama mkwe. Hiyo ni heshima, wewe mtoto! Piga magoti uombe msamaha."

Nikapiga magoti, kisra ingali mdomoni. Majok akajizuia, akajizuia, mwishowe akacheka hadi machozi, na wazee wake wakaketi tena.

Siku hizi Achol yuko kwa mumewe mjini Bor, nami nimeapa sishiki riwaya kukiwa na posa nyumbani. Bado nazipenda, ila kusoma peke yako hakuna ladha. Majok nimemchunguza tangu hapo, sijampata na baya lolote, ni mpole mpaka ndani. Na haki ya Mungu, siku ile nilikuwa naomba awe muuaji, ili dada yangu abaki nyumbani.