Sauti za Ng'ombe Nilizozikata kwa Wembe

Jamani, nitawasimulia, lakini mcheke polepole, maana hata leo nikipita Rutshuru nikaona mtu ananitazama huku anajifinya asicheke, najua anakumbuka nini.

Miaka ile ya hamsini nilifanya kazi misheni hapa Goma, na Padiri alikuwa na kamera ya sinema isiyonasa sauti, pamoja na magnetofoni ya kunasia sauti kwenye utepe; siku ya kuonyesha unawasha vyote viwili kwa pamoja, picha ukutani, sauti pembeni, vinakwenda sambamba. Tulipiga sinema ya arusi ya binti mkubwa wa muzee Gahizi, mfugaji wa Rutshuru (mimi macho yangu yalikuwa kwa mdogo wake, Domitila, na nilipanga kutuma wazee wakaniposee mara tu baada ya sinema, muzee akiwa bado anashangaa ufundi wangu).

Kusikiliza utepe, ng'ombe wa mahari wanalia kila mahali! Mimi mtoto wa mjini nikaona ni makelele tu, nikashika wembe, kila mlio nikaukata na kuunganisha kwa gundi, nikakata na vikohozi vya wajomba, sauti ikatoka safi mpaka nikajipongeza.

Sasa, utepe ukiukata unafupika, lakini picha haifupiki (hilo sikulifikiria, mwerevu mimi).

Jumapili ukumbi ukajaa, muzee na mama Domitila wamekaa mbele. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukutani akatokea mama Domitila mwenyewe, anakuja kwa maringo, na maneno ya msifu ng'ombe (kwao kila ng'ombe wa mahari husifiwa mbele za watu) yakawahi kufika, yakamwangukia yeye: "Muangalie hii pembe! Tumbo kubwa! Akitembea, udongo inatetemeka!"

Watu walicheka mpaka viti vikaanguka, nami nikamwomba Mungu amwondoe mama wa watu pale ukutani. Akamwondoa, akaleta ng'ombe, anafungua mdomo bila kulia, huku sauti ya muzee ikimwambia bwana arusi, "Mutoto wangu, huyu ni bibi yako, umupende."

Muzee akasimama.

"Nani aliziba ngombe zangu midomo? Batu baseme nilitoa mutoto wangu kwa ngombe bubu?"

Padiri akaninong'oneza kwamba kila nilipokata ningetia kipande kitupu cha urefu uleule. Asante, Padiri, ila ungesema jana.

Nilijua Domitila amenipotea, nikaumia kweli. Wazee niliwatuma hivyohivyo, wakarudi na jibu la mama yake: "Akuje. Lakini ngombe ya kwanza nitachagua miye."

Akachagua mwenye sauti kuliko wote malishoni. Siku ya arusi yangu ng'ombe huyo alilia tangu hotuba ya kwanza hadi ya mwisho, neno langu hata moja halikusikika, na mama mkwe kila mara ananigeukia:

"Mukwe, wembe iko wapi?"

"Mama, niliacha. Siku hizi ni ya ndevu tu."