Mtoto wa Sita

Kanisa letu hapa Nyamasaria huwaita watu wazima waje wazungumze na vijana waliomaliza kidato cha nne, kabla hawajatawanyika kwenda kutafuta maisha. Mwaka jana waliniita mimi. Waliniomba niwatie moyo. Mwaka huu hawakuniita, kwa sababu sikumtia mtu yeyote moyo. Niliwasimulia habari ya mtoto wa sita, na kabla sijafika mwisho mama mmoja wa kamati akasimama akasema labda tufunge kwa maombi. Basi nitaiandika hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Kwanza niseme nilivyokuwa. Nilikuwa mtoto mzuri, na nalisema hilo kwa hasira. Tangu darasa la kwanza hadi namaliza chuo, ripoti zangu zilisema mtiifu, mnyamavu, hasumbui. Walimu walinipenda kwa sababu nilifanya walichotaka kabla hawajamaliza kukisema. Mama yangu, aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Manyatta, aliitia barua yangu ya tabia njema kwenye fremu akaitundika ukutani, juu ya televisheni. Hakuna hata mmoja wao aliyenifundisha kumwambia mtu mzima hapana. Walinilea niwe rahisi kutumiwa, kisha wakanipigia makofi. Nawalaumu wote, na mama nimeshamwambia.

Nilipata kazi katika duka la uchapishaji mjini Kisumu. Tulichapa kadi za harusi na barua za kuomba kazi, lakini duka lenyewe liliishi kwa misiba. Huku kwetu mtu hazikwi bila programu. Ni kijitabu cha rangi, picha ya marehemu jaladani, ndani ratiba ya ibada na wasifu wake: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, na watoto wake mmoja mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa. Watu hukiweka kabatini miaka na miaka. Wambea hawana haja na ratiba, wao hufungua ukurasa wa watoto kwanza. Aliyeandikwa pale ni mtoto. Asiyeandikwa, ajieleze mwenyewe.

Wiki yangu ya tatu kazini, siku ya Jumatatu, aliingia msichana wa rika langu akiwa na bahasha ya picha. Baba yake alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Jumamosi, nyumbani kwao karibu na Ahero. Alikuwa pia na karatasi moja ya daftari. Wasifu huo baba alikuwa ameuandika mwenyewe akiwa mgonjwa kitandani, herufi zikiyumba, kwa sababu aliwajua ndugu zake. Watoto walikuwa sita. Watano walikuwa wa mke aliyebaki. Wa sita alikuwa huyu msichana, ambaye mama yake aliondoka katika boma lile yeye akiwa bado ananyonya. Alinieleza hayo yote kabla sijamuuliza. Nadhani alikuwa amechoka kuulizwa.

Tulikaa pamoja saa nzima tukichagua picha. Alicheka aliponionyesha moja ambayo baba yake amevaa kofia ya mtu mwingine, kubwa kuliko kichwa chake. Nilipomaliza kuchapa ukurasa wa watoto aliniomba nimsomee kwa sauti. Nikasoma majina sita. Alifumba macho nilipofika la mwisho, kisha akasema sawa. Akaniachia ile karatasi, akanipa na namba yake ya simu, nikaihifadhi.

"Kukiwa na shida yoyote, nipigie tu, dada. Hata kama ni kidogo."

Alhamisi asubuhi akaja mzee mmoja aliyevaa koti la kijivu, ndugu wa marehemu. Alikuwa mpole sana. Sasa naogopa upole wa namna hiyo kuliko matusi, maana mtu anayekutukana angalau unajua usimame upande gani. Alinipa karatasi nyingine, hii imechapwa vizuri.

"Nyara," aliniita, neno la Kijaluo ambalo wazee humwitia binti yeyote. "Hii ndiyo ya familia. Ile ingine weka kando."

Nilizilinganisha. Kila kitu kilikuwa kilekile, ila watoto walikuwa watano.

"Mzee, hapa kuna mmoja hayuko. Wa mwisho."

Akatabasamu. "Wewe ni wa hii boma?"

"Hapana, mzee."

"Basi andika."

Mwenye duka, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Madam, alikuwa kwenye mashine ya kukatia karatasi. Hakuinua hata kichwa. "Andika vile mzee anasema. Hiyo si mambo yako."

Nikafuta. Ni mstari mmoja tu, haukuchukua hata muda wa kumeza mate. Mzee alipokuwa akingoja alizungumza kwenye simu kuhusu kiwanja cha marehemu kinachopakana na barabara kuu, na jinsi sasa kugawana kutakuwa rahisi. Hakushusha sauti. Aliniona mimi si mtu wa kufichwa jambo, na alikuwa amenipima sawasawa. Kisha akanyoosha mkono.

"Ile karatasi ya kwanza. Lete, nikae nayo."

Nilimpa. Niliwaambia vijana wale nami nakuambia wewe unayesoma: nilijua. Msije mkanionea huruma mkasema nilikuwa mdogo. Nilijua ni mwandiko wa marehemu, nilijua hakuna nakala, kwa sababu msichana alikuwa na simu ya vibonye isiyopiga picha na mimi sikuwa nimeipitisha kwenye mashine. Mzee aliikunja mara nne akaitia mfuko wa ndani wa koti. Nikamwambia asante, mzee. Mpaka leo sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Namba ya yule msichana ilikuwa kwenye simu yangu. Nilikuwa na Alhamisi nzima na Ijumaa nzima. Nilijiambia kuwa familia zina mambo yao, kwamba kazi ni ngumu kupata, kwamba huenda wameshaongea wakakubaliana. Wenye akili hatukosi sababu. Ijumaa jioni nilikula, nikalala vizuri, na hilo linaniudhi kuliko mengine yote.

Jumamosi Madam akanituma kupeleka maboksi ya programu huko huko msibani. Uwanja ulikuwa umejaa, hema tatu, vipaza sauti, kwaya imevaa bluu. Watoto wa marehemu walikuwa wameshonewa kitambaa kimoja, na yule msichana naye amevaa hichohicho. Mwendesha shughuli alianza kuwaita mmoja mmoja waje wasimame kando ya jeneza. Aliita wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Msichana alikuwa tayari ameinuka kitini, ameshika gauni lake. Mwendesha shughuli akafungua ukurasa mwingine, akaikaribisha kwaya.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alikwenda hadi mbele ya wazee wa ukoo, wimbo ukakatwa, na kipaza sauti kikanasa maneno yake.

"Baba aliandika yeye mwenyewe kwa mkono. Mimi ni wa sita. Karatasi nilimpatia huyu dada."

Uwanja mzima ukanigeukia, nimesimama na maboksi yangu. Mzee mmoja wa ukoo, asiyekuwa na ubaya wowote, akaniuliza karatasi iko wapi. Yule wa koti la kijivu alikuwa amekaa kando yake. Alinitazama kwa tabasamu lilelile la Alhamisi, na karatasi, kwa ninavyojua, ilikuwa bado mfukoni mwake.

"Tulipewa karatasi moja tu, ile ya hii programu," nikasema.

"Basi," mzee wa ukoo akasema, na kwaya ikaendelea. Mjane aliinamisha kichwa. Namlaumu naye, lakini yeye hakuulizwa. Wakati wa kutupa udongo watoto walitangulia, na msichana akangoja na majirani.

Kazi niliyoilinda haikumaliza miezi miwili. Mpwa wa Madam alimaliza chuo akahitaji kiti, nikaambiwa nipumzike kidogo.

Mwaka uliofuata nilikwenda Ahero kumtafuta. Nilimkuta kando ya barabara akianika mpunga wa watu juu ya turubai, na hatua chache kutoka hapo kiwanja cha baba yake kilikuwa kimezungushiwa mabati mapya. Nilimwambia kila kitu, koti, mfuko, simu ambayo sikupiga. Nikaomba msamaha. Hakunijibu habari ya msamaha. Alilaza reki chini akasema, "Twende kwa chifu uyaseme hayo. Sasa."

Tukaenda. Nikasema yote mbele ya chifu, kwa mara ya kwanza maishani bila kuambiwa la kusema. Nilijisikia mtu. Nilifikiri ukweli, ukishasemwa, hufanya kazi yake wenyewe. Chifu alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Msichana, mimi nilikuwa kwa hayo mazishi. Uliulizwa mbele ya watu wote, ukasema karatasi ilikuwa moja. Sasa unataka niandike kwamba zilikuwa mbili. Nikiulizwa nimwamini nani, wewe wa leo ama wewe wa siku ile, nitasema nini?"

Niligeuka kumtazama yule msichana, nikidhani yeye atakuwa na jibu. Alikuwa ameshasimama. Alimshukuru chifu kwa muda wake, akatoka kurudi kwenye mpunga, kwa sababu ulikuwa bado haujageuzwa na mwenye mpunga angekuja kuuliza.