Kikubwa cha Chungu, Kidogo cha Shamba

Ghala la mbegu la chama cha wakulima wa viazi halikuwa na mchana wala usiku. Kuta zake zilikuwa za mbao zilizoachiwa nafasi ya kidole baina ya ubao na ubao, ili mwanga uingie kwa adabu. Mbegu ya kiazi ikikaa gizani huchipua machipukizi marefu meupe yasiyo na nguvu, na ikiachwa juani huungua. Basi humo ndani saa zote zilikuwa ile alfajiri ambayo mtu ameshaamka lakini hajakubali. Msimamizi wake, ambaye watu wote walimwita Mama Ghala, alikuwa ameishi katika alfajiri hiyo miaka kumi na tisa, na kama aliota macho wazi, tusimlaumu. Hata wewe ungeota.

Kila asubuhi alipita katikati ya rafu akigeuza viazi kimoja kimoja, akitoa kilichooza, akisogeza trei za chini zije juu zipate mwanga. Mikono ilikuwa kazini, roho ilikuwa safarini. Mara nyingi roho ilikwenda jikoni kwa marehemu mama yake, penye moshi na kigoda cha miguu mitatu, na mama alikuwa hapo akichagua viazi kwenye kanga iliyotandikwa sakafuni. "Kikubwa cha chungu, kidogo cha shamba," mama alisema, kama alivyosema kila mavuno. Vikubwa vililiwa, vidogo vikawekwa mbegu. Na nani apinge akili ya mama?

Kiazi cha mama kilikuwa na ganda la zambarau, na ukikikata unakuta pete ya zambarau ndani ya weupe. Kikichemka hupasuka chenyewe. Chama kizima hakikuwa nacho. Kila mtu alipanda mbegu mpya zilizotoka shamba la majaribio, naye pia alizipanda, ila kwenye pembe ya shamba lake aliweka tuta moja la kiazi cha mama. Alipolipalilia tuta lile, alizungumza nalo. Majirani walijua, wakanyamaza, maana kila mtu ana chake.

Msimu ule alilichimba tuta, akachimba tena, akidhani jembe limekosea njia. Akapata viazi ishirini na kimoja, na kikubwa kuliko vyote hakikuzidi jicho la mbuzi. Akakaa chini shambani. Akavifunga kwenye pembe ya kanga yake, akaenda navyo moja kwa moja hadi maabara.

Maabara ilikuwa ng'ambo ya uwanja, mlango ukitazamana na ghala. Kila gunia la mwanachama lililopita mizani liliacha senti chache kwa chama, na haba na haba ile ndiyo iliyojenga maabara, ikanunua lori, na kila Jumatatu ikapeleka viazi jikoni mwa shule. Mama Ghala alikuwa na sababu yake ya kukipenda chama. Alipofiwa na mume, viazi vikiwa bado ardhini na yeye hajui hata amevaa nini, wanachama walikuja na majembe wakamaliza kuchimba kwa siku mbili, kisha mwenyekiti akamkabidhi ufunguo wa ghala. "Mkono uliozoea viazi usikae bure," alimwambia.

Mtafiti wa chama, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, waliyemwita Daktari ingawa hakuwahi kumtibu mtu, alivipanga vile viazi mezani. Akavigusa kwa kidole.

"Mama, hivi vinaumwa," alisema. "Vina virusi."

"Si nilivichagua mwenyewe kila mwaka?"

"Ulichagua vipi?"

Akamwambia maneno ya mama yake. Daktari akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mmea mgonjwa ndio unaozaa vidogo, Mama. Wewe ukachukua hivyohivyo ukapanda. Miaka yote umekula uzima ukapanda ugonjwa."

 Kazini kwake Mama Ghala aliwafundisha wakulima kila msimu: piteni shambani viazi vikitoa maua, fungeni uzi kwenye mashina yenye nguvu, mbegu itoke hapo tu. Aliyasema hayo hata usingizini. Lakini kwenye tuta la mama hakufunga uzi hata mmoja, kwa sababu kule hakuwa mkulima, alikuwa mtoto.

Daktari alijaribu. Alikata ncha za machipukizi akaziweka kwenye chupa zenye chakula cha mimea, ili kukuza upya sehemu ambayo ugonjwa haujaifikia. Baada ya wiki tatu zote zilikuwa zimegeuka rangi ya chai.

"Zimechoka mno," alisema. "Nikipata kiazi kimoja tu chenye nguvu, naweza. Hakuna mwingine aliyekuwa navyo?"

Alikuwepo.

Miaka ishirini na sita nyuma, siku ya kugawana vitu vya mama, vikapu vya viazi vilikuwa viwili. Mama Ghala, aliye mkubwa, alichukua cha vidogo, na mdogo wake akachukua cha vikubwa. Kisha ikasikika kwamba mdogo amevifukia vyote ardhini kama mbegu. Ulimi hauna mfupa. Mbele ya shangazi na wajomba na majirani, mkubwa alisema, "Huyu anazika chakula. Kesho atakuja kuniomba." Watu wakacheka.  Mdogo wake alihamia upande wa pili wa mlima kwa mumewe, na hakuja kuomba, si kesho wala miaka ishirini na sita. Walikutana misibani wakasalimiana kama watu wa foleni. Kila msimu chama kilipopeleka mbegu kule, Mama Ghala aliyafunga magunia ya mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe, akiweka zilizo bora. Hakumwambia mtu.

Alilala siku mbili na jambo hilo, kama kulala huko kunaitwa kulala. Mama alimjia ndotoni, akiwa ameketi juu ya trei ghalani, akigeuza viazi bila kumtazama. "Na mimi nilikosea," mama alisema, kisha akaendelea na kazi.

Siku ya tatu akapiga moyo konde, akapanda lori la chama. Njia nzima alitunga maneno mazuri. Lori lilipanda hadi ukungu ukaingia dirishani, na kila kona maneno yalipungua, hata alipofika hakubakiwa na hata moja.

Mdogo wake alikuwa uani anafua. Mvi zilikuwa zimemwingia palepale zilipomwingia mama, juu ya masikio. Akaikamua nguo hadi tone la mwisho ndipo akainua macho.

"Dada."

"Nimekuja kukuomba," alisema Mama Ghala.

Mdogo alimtazama, kisha akatazama lori, kisha kanga iliyoshikwa kwa mikono miwili. "Ingia, chai iko jikoni," alisema.

Mama Ghala akaeleza yote, jikoni, kikombe kikipoa mkononi. Akasema pia kuhusu maneno yale ya kuzika chakula, kwamba aliona haya tangu jioni ileile na hakujua pa kuipeleka haya yake. Mdogo wake alisikiliza huku akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Halafu akatoka, akarudi na kiazi kimoja cha zambarau kinachojaza kiganja, bado kina udongo.

"Hiki usikipike," alisema.

Walicheka kidogo, wakalia zaidi. Kabla ya lori kuondoka, mdogo alichungulia dirishani. "Magunia yangu," alisema, "fundo lile la kamba ni la mama. Unadhani sikulijua?"

Ilichukua miezi tisa. Siku Daktari aliposema imewezekana, lori lilimleta mdogo kutoka mlimani, na wote wawili wakavaa makoti meupe yaliyowazidi. Kwenye rafu ya kioo, chini ya taa, ilikaa chupa moja. Ndani yake kulikuwa na shina jembamba kama uzi, lenye majani matatu. Daktari alieleza kwamba limetoka kwenye ncha ya chipukizi aliyoikata chini ya hadubini, ndogo kuliko punje ya mchele, na kutoka hapo watapata mashina elfu, ya kila mwanachama atakayetaka.

Mama Ghala aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Ndogo kuliko punje ya mchele," alisema polepole. "Basi mama hakukosea. Kidogo ndicho cha shamba."

Mdogo wake akaushika mkono wake chini ya mikono mirefu ya koti.

"Dada," alisema, "hata leo unataka kushinda."

"Hata leo," alijibu, na hakuuachia ule mkono.