Majiko Tuliyoyajenga Sakafuni

Laiti ningekataa siku ile mwenyekiti wa kijiji aliposema tufanye mkutano mmoja tu. Nilikuwa diwani wa kata yetu, huku Ikolo, na halmashauri ilikuwa inaandaa mpango wa nishati: majiko banifu ya kupunguza kuni, umeme wa jua kwenye zahanati. Afisa mipango, dada mmoja kijana, aliomba wanawake wakae kwanza peke yao. Mwenyekiti, rika langu tangu tukichunga ng'ombe, akacheka.

"Mikutano miwili kwa ajili ya majiko? Mheshimiwa, tutaonekana hatuna kazi."

Nikamwambia afisa kwamba mmoja unatosha.

"Na watasema?" akaniuliza.

"Nani amewafunga midomo?"

Nilijua ni nani. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hakai karibu na baba mkwe, hamtazami usoni, wala hapazi sauti mbele yake. Vijana wengi wameiacha desturi hiyo. Nyumbani kwangu ilikuwapo bado, nami niliifurahia. Mke wangu alikuwa amefariki, na mke wa mwanangu ndiye aliyetupikia sote, lakini sauti yake nilikuwa siijui vizuri.

Mkutanoni sisi wazee tulikaa mbele kwenye viti. Wakwe zetu walikaa nyuma kabisa, wametupa migongo, kanga zimeshuka hadi kwenye nyusi. Fundi akaeleza kwamba jiko litajengwa kwa udongo, lishikane na sakafu. Nikauliza kama kuna mwenye neno. Kanga zikashushwa zaidi.

"Akina mama wameridhika," nikasema, na ikaandikwa hivyo.

Kiangazi majiko yalifanya kazi vizuri. Mzigo wa kuni ulidumu, moshi ulipungua, mafiga ya zamani yakatupwa, nami nikajisifu kwenye baraza la madiwani. Kisha masika ikaingia. Hakuna mtu wa huku asiyejua kwamba masika maji huingia hadi jikoni. Lakini ni mwanamume gani kati yetu aliyewahi kupika humo? Wanawake walikuwa wakiinua mafiga yao na kuyapanga juu ya kichanja. Jiko letu halikuinulika. Lililowa, likalainika, likawa uji.

Mke wa mwanangu akaweka bati kuukuu juu ya kichanja, akawasha moto hapo, karibu na paa la nyasi. Mwanangu alikuwa ameenda mjini. Niliposikia watoto wanapiga kelele, nikatoka na kuona nyumba ya kupikia inawaka kuanzia juu. Nilikimbia ndani ya maji nikimwita kwa jina lake, jina ambalo sikuwahi kulitamka tangu aolewe. Paa likaporomoka na vyote vilivyoning'inia. Niliita tena.

Akatokea upande wa migomba, mtoto mgongoni, wengine wameshika kanga yake.

"Tupo, tata! Tupo wote!"

Aliniita baba kwa lugha yetu, akinitazama usoni. Nikakaa chini palepale kwenye maji. Kisha akainamisha kichwa, nami nikageukia pembeni.

Maji yalipopungua nilikwenda mwenyewe halmashauri kuomba ule mkutano wa pili. Afisa hakunisimanga. Alisema tu, "Ila wewe, mheshimiwa, utakaa nje."

Wanawake wakakutana kanisani. Mimi nikaenda kukaa mashineni, ng'ambo ya barabara, penye lundo la pumba za mpunga. Umeme ulikuwa umekatika, mashine imenyamaza, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Walitujengea jiko pale vyura wanapolala!" mmoja akasema. Kanisa zima likaangua kicheko.

"Muulizeni fundi kama amewahi kusonga ugali maji yakiwa magotini!"

Halafu sauti moja ikapanda juu ya nyingine, nami nikaitambua. "Tunataka jiko la kubebeka, lenye mkono kama ndoo. Na pumba zinazochomwa bure pale mashineni, tufundisheni kupikia. Jambo jingine, betri za zahanati mmeziweka sakafuni. Hamkujifunza kwenye majiko?"

Mwendesha mashine akanitazama. "Mzee, huyo si mkweo?"

"Ni wangu," nikasema. Nilijikuta natabasamu.

Yote aliyosema yaliingia kwenye mpango. Betri zilipandishwa kwenye rafu karibu na dari, na masika iliyofuata maji yaliingia zahanati na taa hazikuzimika. Nyumbani tuna jiko la ndoo linalotumia pumba, na mvua ikianza nalala bila kusikiliza kelele za watoto. Mke wa mwanangu bado hugeuka nikipita, lakini siku hizi huniita mwenyewe kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Tata, chakula tayari."

"Ndaga fijo," namshukuru, nikiuambia ukuta.

Kwenye lile paa lililoungua, juu ya moshi, ilining'inia mbegu ya mpunga aliyokuja nayo mama yangu alipoolewa. Alimwachia mke wangu, mke wangu akamwachia mkwe wake, na kila msimu walibakiza ya kupanda; masika ile ilikuwa haijapandwa bado. Nimeiulizia kule Ngonga, nimeiulizia kwa ndugu zetu upande wa Malawi. Wamenipa mbegu nzuri, lakini si ile. Mkutano mmoja niliokubali ulinigharimu mbegu ya mama yangu, na wali wake sitaula tena.