Dizeli ya Shemeji

Mwalimu Rebeka Chilongani alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka sitini, mwaka uleule aliostaafu. Wenzake darasani walikuwa vijana watupu, na mwalimu wao alimwita bibi kila alipozimikiwa na gari njiani. Hakujali, maana alikuwa na sababu yake. Mdogo wake Luciana, aliyeishi Manyoni mjini, alikuwa amepooza upande mmoja, na kila Jumamosi Rebeka alitoka Kintinku kwenda kumwogesha na kumsuka. Siku nyingine binti wa kazi alimhudumia, lakini kichwa chake Luciana hakukubali kiguswe na mtu mwingine.

Tangu mume wa Rebeka afariki, safari hiyo ilikuwa mikononi mwa shemeji yake, Simeoni. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa mpunga, mwenye trekta na pikapu kuukuu ya dizeli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidisha ugumu. Hakuwahi kumwambia Rebeka hana nafasi. Ila aliondoka saa aliyotaka yeye, akapitia kwanza mnadani na mbuzi wake, akarudi alipomaliza yake. Kuna siku Rebeka alifika kwa mdogo wake saa tisa alasiri, na kabla nusu saa haijapita Simeoni akawa mlangoni anamwita. Luciana alibaki amesukwa nusu kichwa wiki nzima.

Mafao ya Rebeka yalipotoka, Simeoni alikuja kukaa naye barazani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama. Nasikia unatafuta gari."

"Natafuta."

"Basi usihangaike. Nunua pikapu ya dizeli, hii yangu imechoka. Mbuga yetu ya udongo mweusi unaijua, masika gari la petroli litakufia hapo mlangoni. Na mafuta usiwaze, pipa liko kwangu, utakuwa unajaza tu."

"Asante, shemeji."

"Na siku ukichoka kuendesha, mimi nipo."

Aliyasema kwa upole. Rebeka aliona jinsi itakavyokuwa: gari ni lake, mafuta ni ya shemeji, mpunga ni wa shemeji, mbuzi ni wa shemeji, na yeye amekaa pembeni ya dereva ndani ya gari lake mwenyewe, anasubiri mnada uishe.

Alikwenda kwa Christopher, fundi wa magari Manyoni, amuulize mtu asiye wa ukoo.

"Mwalimu, utakuwa unatoka wapi kwenda wapi?" fundi aliuliza.

"Kwa mdogo wangu na kurudi. Na Jumapili kanisani."

"Hapo petroli inakutosha. Dizeli ni ya mtu wa mizigo na safari ndefu. Ukiilaza wiki nzima halafu unaiamsha kwa safari fupi, itakusumbua. Na pampu yake ikiharibika mimi siiwezi, itapelekwa Dodoma. Ya petroli nitakutengenezea hapahapa."

"Na matope?"

Christopher alifuta mikono kwa kitambaa. "Matope hayajali umeweka mafuta gani. Yanataka gari lililonyanyuka, lenye kuvuta matairi yote manne. Kwa uwezo wako, magari ya namna hiyo yote niliyoyaona ni pikapu za dizeli. Sikudanganyi, mwalimu. Kagari ka petroli katakufunga masika."

Kwa hiyo alijua. Hakuna aliyemficha kitu. Kwa wiki mbili aliamka na kulala na maneno hayo: dizeli afungwe na shemeji, petroli afungwe na mvua. Mwisho akasema mvua ina miezi yake, shemeji hana. Akanunua gari dogo jeupe la petroli.

Simeoni alilizunguka mara moja, akainama, akapima kwa ngumi nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi. "Zuri," akasema. "La mjini."

Kuanzia Juni hadi Novemba Rebeka aliondoka saa alizotaka. Alifika kwa Luciana asubuhi, wakanywa chai, akamsuka taratibu mpaka mwisho, na kurudi jua likiwa chini. Kisha mvua ikaja. Mara mbili gari lilizama kwenye udongo mweusi, na mara mbili Simeoni alikuja na trekta kulivuta. Hakudai chochote. Kufika Januari gari lilikuwa limefunikwa turubai nyuma ya nyumba, na Rebeka amerudi kwenye pikapu, miguu katikati ya magunia.

Siku moja njiani Simeoni akasema, "Uza hako, tuongezee na hii yangu, tununue pikapu moja ya maana. Kadi ya gari iandikwe jina langu, mimi ndiye mkubwa wa nyumba." Rebeka alitazama dirishani. Akahesabu miezi ya mvua iliyobaki.

Jumatano iliyofuata binti wa kazi alipiga simu: Luciana ameanguka kutoka kitandani. Simeoni alikuwa mnadani, simu yake haipatikani. Rebeka alivua turubai, akawasha gari, akaenda hatua mia mbili. Matairi yakazunguka bure, gari likateleza ubavu kwenye mfereji. Alilia kidogo, mikono ingali kwenye usukani. Halafu akashuka, akavaa mabuti ya shambani, akatembea kilomita nne za matope mpaka lami, akisimama kila goti lilipomchoma. Pale barabarani Magreth, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na sasa anauza chakula, alimpa maji ya kunawa na kumsimamishia basi.

Luciana alikuwa amevimba shavu tu. Walicheka, kisha wakalia.

Aliporudi alimuuliza Magreth kama uwani kwake kuna nafasi ya gari moja mpaka mvua ziishe. Ilikuwepo. Lakini gari lilikuwa mferejini, na trekta ni moja tu.

"Shemeji, naomba unisogezee gari mpaka lami. Litakaa kwa Magreth."

Simeoni alitikisa kichwa. "Watu watasema nimefukuza hata gari lako."

"Waambie nimetaka mimi."

Ilimchukua siku tano kuja. Alilivuta njia nzima bila kugeuka nyuma, akafungua mnyororo, akaondoka bila kuaga.

Sasa ni Machi. Kila Jumamosi Rebeka hutoka alfajiri, hutembea zile kilomita nne kwa karibu saa mbili, ananawa miguu kwa Magreth, ndipo anawasha gari lake. Asubuhi nyingine pikapu humkuta katikati ya mbuga. Simeoni hupunguza mwendo na kusema "Panda," neno hilo moja tu. Goti likiwa limemshinda, hupanda, na kushuka penye lami. Daktari amemwambia apunguze kutembea. Hilo Rebeka hajamwambia mtu, na mvua za mwaka huu bado hazionyeshi dalili ya kukatika.